Nnakwenda

Alikuja Limbani na Kiswahili kilichopigwa pasi,
kila neno limekunjwa, limepangwa sandukuni:
"Ninaomba unipatie chumvi, tafadhali."
Nuhu alicheka mpaka akapaliwa na wali.
Chumvi ilikuwa mbele ya goti lake.

Zofia, ndivyo ilivyoandika pasipoti.
Safiya, tukasema sisi, akaitika.

Mwezi wa mwanzo, ikifika magharibi
hujifungia chumbani, kitambaa cha maji kichwani.
"Bi Mize, maneno yanakimbia."
Si maneno, mwanangu, ni sisi.
Hatukuzoea kulisubiri sikio la mtu.

Wenziwe sita walipanga nyumba moja Unguja,
wakapika tambi zao, wakacheka kwa lugha yao,
wakarudi kwao na "asante sana" na rangi ya jua.
Huyu nilimpa mbuzi, akune nazi.
Juu ya mbuzi hakuna kamusi:
ukikosea, kidole ndicho kinachosahihishwa.

Hafsuu, wa darasa la pili, hakumhurumia.
"Si kitabu yangu! Changu! Changu!"
mpaka paka wa jirani akajua ngeli.

Kisha ile Jumanne ya makaa.
Nilikuwa uani nnachambua mchele,
nikasikia mlangoni:
"Hebu limwage hapa tulione!
Juu makaa, chini jivu, unamuuzia nani?"
Nikadhani ni dada yangu Raya.
Ungo ukaniteleza mapajani.
Vitenzi hakuvitafuta; hasira ilimletea.
Mbarouk alirudisha elfu mbili, na salamu juu.

Mwezi wa saba akaondoka.

Juzi kapiga simu, kwao theluji,
huku mimi nnapepea jiko.
Mwalimu wake kamkata alama tatu:
kaandika "nnakwenda",
kaandika "skuli",
na jingine hata halikumbuki.
Kitabuni hayamo.

"Ukamjibuje?"
"Nilinyamaza, Bi Mize. Kisha nikamwambia haaya."

Haaya. Ile yetu, ndefu,
ya kumaliza maneno bila ya kukubali.
Nikacheka peke yangu, moshi machoni.
Alama zake tatu ninazo mimi,
azifuate siku akitaka.

Leo asubuhi nimemtuma Nuhu maji.
"Dobra," kasema, ndiyo ya kwao Safiya,
akabeba ndoo, akatoka.
Na huyu hata Mkoani hajafika.