Nukta Sita, Nukta Saba

Ni BSA ya mwaka hamsini na sita,
silinda moja, kama mtu wa jino moja na maneno mengi.
Afisa wa mifugo aliipanda akichanja ng'ombe, Rongai hadi Molo.
Alipokufa, kuku wakairithi.
Tuliitoa bandani na mayai matatu ndani ya taa.

Tabo tuliing'oa kwenye pikapu iliyopinduka Salgaa.
Muuza mabaki hakututajia nani alikuwa ameshika usukani,
nasi hatukuuliza. Tulilipa, tukaifunga kwa gunia.
Usiku ule niliizungusha feni yake kwa kidole.
Nilipoacha, yenyewe haikuacha.

Odindo akanieleza, mimi mkereza vyuma nisiyejua injini:
"Gathitu, injini hutema moshi ungali na nguvu.
Tabo huukamata mlangoni, huuambia, hujamaliza kazi wewe,
sukuma hewa kwanza, ndipo uende zako."
Nikacheka. Ndivyo tunavyoishi Shabab:
hakitupwi kitu kabla hakijasukuma kingine.

Lakini silinda moja hupumua kwa kwikwi,
na tabo yataka pumzi ndefu.
Basi katikati tukaweka mtungi wa maziwa, wa alumini, lita tano,
hewa ipumzike humo kabla ya kabureta.
Hadi leo ukiunusa, mala.

Pistoni ya kwanza ilitoboka tundu la shilingi tano.
Ya pili, la shilingi kumi.
"Inapanda bei," Odindo akasema,
na hatukucheka, maana ile ilikuwa karo ya mwanawe.
Ya tatu niliikereza siku tisa,
tukaiachisha petroli, tukainywesha spiriti ya miwa ya Muhoroni,
inayopoza hata inapowaka.

Mama, kila Jumapili: haraka haina baraka.
Miaka minne, Mama!
Tumekawia hivi ili tuharakishe kwa sekunde nne.

Uwanja tulikuwa nao, magadi makavu kando ya ziwa.
Tuliupima kwa kamba, tukapigilia vigingi.
Kisha ziwa likapanda.
Halikutukasirikia, halikutujua.
Lilimeza ua, likameza vyumba vya watu, likafika kwetu.
Kigingi cha mwisho nilikiona ncha tu,
na ndege mmoja amekikalia kama aliyenunua kiwanja.

Ndipo mwenye ngano wa Njoro akatukopesha
njia ya ndege yake ya kunyunyizia dawa,
alfajiri moja, kabla ya upepo.

Jebiwott akalala juu ya tangi.
Kilo arobaini na nane, mwalimu wa hesabu,
kidevu kwenye chuma, viwiko ndani kama panzi.
Gia ya kwanza, ya pili, ngurumo tuliyoizoea.
Ya tatu, tabo ikaamka:
mluzi mwembamba, birika jikoni kwa jirani,
halafu si birika tena,
halafu ngano yote ya upande ule ikainama
na mwalimu akawa doa.

Mita mia mbili.
Saa yangu: sekunde tatu nukta sita.
Saa ya Odindo: tatu nukta saba.
Nukta sita ni kilomita mia mbili kwa saa, ndoto yenyewe.
Nukta saba ni mia na tisini na nne na ushei,
yaani pikipiki kuukuu inayokwenda kasi, basi.
Tulibishana hadi jua likatukuta, kila mtu na kidole gumba chake.

Jebiwott alirudi akiisukuma,
mnyororo uliokatika ameuvaa shingoni,
machozi ya upepo yamekauka kuelekea masikioni.
Tukamuuliza yeye, mtu wa hesabu.
Akaomba chai.

Namba zote mbili ziko ukutani kwa chaki.
Odindo hufuta yangu, mimi hufuta yake,
kesho yake zote zimerudi.

Ila asubuhi ile, wao wakimimina chai,
nilichuchumaa kando ya injini.
Chuma kikipoa hulia, tik, tik,
tik.
Hiyo nayo ni saa.
Sikuihesabu.