Penalti ya Kaliua

Tumeshaipita Kaliua. Mpira umetengwa,
mtangazaji kavuta pumzi,
redio ikaanza kukaanga dagaa.

Bukuru akachomoa waya wa henga
alioufunga pale antena ilipokatika,
akautoa dirishani, mkono mzima nje,
kama anayepima homa ya pori.
"Usikate kona," akaniambia.
Barabara ndiyo iliyokata.

Malagarasi: sauti ya mwanamke, Kirundi,
inasoma salamu za watu wa ng'ambo.
Nikanyoosha kidole nitafute mpira.
"Acha."
Waya ukatulia mkononi mwake
kama mshipi ulionasa.
Jina moja likasomwa, akaliitikia.

Uvinza, mawimbi yakarejea.
Mechi imekwisha, wanasoma bei ya chumvi.
Ile penalti bado iko hewani,
huko nyuma, juu ya miyombo.