Sugu

Kibaigwa, mwezi wa saba. Vumbi la malori
limekaa hata kwenye kope.
Mimi ndiye mpimaji wa mzee Chalula:
kalamu sikioni, daftari kwapani,
na kidole gumba cha mguu wa kulia
chini ya bati la mizani.

Ni kazi ya kufundishwa. Hukanyagi, unainua,
kidogo tu, kama anayefungua mlango
wa chumba alicholala mtoto,
na gunia la kilo mia na tatu
linasoma mia kasoro moja.
Mkulima anatazama mshale.
Nani atatazama kandambili?

Siku za mwanzo niliogopa.
Niliogopa mgambo, na afisa wa vipimo
aliyekuja mara moja na jiwe lake la chuma,
akanywa soda, akaondoka.
Hata padri nilimwogopa, Jumapili,
mpaka baraka ya mwisho.
Hofu ni mlinzi wa zamu:
jua likipanda, anasinzia.
Ikabaki hesabu. Kilo nne kwa gunia,
na kwa kila gunia, mia tano yangu.

Sasa Sechelela.
Usiku wa upepo, ule wa Ugogo unaopasua visigino,
alichemsha maji, akanikalisha kigodani,
akauweka mguu wangu pajani pake.
Mafuta ya alizeti, kitambaa, kimya.
Akafika kwenye kidole. Akatua.
"Hii sugu mbona iko juu?
Watu huota sugu chini."
Nikatazama taa.
Akaisugua taratibu,
kama anayeomba radhi kwa niaba ya mtu:
"Pole, baba Ndahani. Kazi yako inakula mwili."

Pole.
Angenipiga, ningevumilia.
Angeniita mwizi, majibu ninayo, tena mengi:
ada ya mtoto, bati za nyumba,
lumbesa wanazoshindilia wenzangu.
Kwa pole sikuwa na jibu.
Aliupenda mguu wote,
pamoja na pale panapoiba.

Asubuhi akaja mama mmoja wa Pandambili,
magunia mawili, baiskeli ya kuazima,
khanga kaifunga kiunoni
kwa fundo kama la Sechelela.
Hilo tu. Fundo.
Nikarudisha mguu nyuma.
Mshale ukaenda ulikotaka kwenda.
Chalula akakohoa.
Nikaandika mia na nne, mwandiko ukiyumba.

Sisemi nimekuwa mtu mwema.
Kuna kilo nimezila, hazitapikiki,
na wenyewe siwajui hata majina.
Mia tano zimekatika.
Chalula kamleta mpwa wake ajifunze kazi;
kijana ana vidole virefu.
Na Sechelela bado sijamwambia.
Kila jioni neno linafika kwenye meno, linakaa.

Jana kaushika tena mguu,
akabonyeza pale, akatabasamu:
"Unaona? Inalainika. Mafuta haya ni dawa."
"Ni dawa," nikasema,
na mguu nikauacha pajani pake,
ukiniuma pale,
kwa mara ya kwanza,
kama ngozi.