Vigingi Vinne

Tulifika Kitulo saa kumi na moja jioni, mwezi wa pili,
Noah imelamba tope tangu Matamba,
mimi, Gwamaka, Asegelile,
na spika kubwa kama kabati la bibi.
Maua yalikuwa yamefunguka hadi macho yanapoishia.
Asegelile akapiga picha kumi, akasema baridi hii mwisho,
kisha akakatiza bondeni, kulia, kushoto,
simu juu kama mwenge, akitafuta mtandao.

Hema moja tu lilitutangulia,
la kijani, lenye kiraka, limejikunyata pembeni.
Uwanja mzima mweupe,
sisi tukasimika letu hatua sita kutoka kwake.
Sijui kwa nini. Labda sisi wa Mwanjelwa
usingizi hautujii bila kikohozi cha jirani.

Mama mmoja akatoka. Koti la mvua, soksi juu ya soksi,
daftari limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Karibuni. Upepo wa hapa unapiga kutokea mlimani,
mlango geuzeni huku."
Tukasema ahsante, mama.
Hatukugeuza kitu.

Saa nne usiku alikuja tena,
tochi ameielekeza chini, isitupige usoni
(hilo nililiona siku nyingine kabisa).
Akasema ana kazi alfajiri, anahesabu maua,
kama tungeweza kupunguza kidogo.
Gwamaka akapunguza. Kidogo, kama alivyoombwa.
Zipu ya hema lake ilipofunga, tukarudisha sauti,
tukamwaga mchuzi uliobaki kwenye nyasi,
mifupa tukairusha nyuma ya gari,
na bonde zima likalazimika kujifunza kiitikio.

Mvua ilikuja saa nane.
Mimi sikuisikia.
Haya mengine nayasimulia kwa kusoma nyayo.

Asubuhi hema letu lilikuwa wima kama askari wa gwaride.
Kamba zimekazwa kwa fundo asilolijua hata mmoja wetu.
Upande wa upepo, vigingi vinne vyekundu,
si vyetu.
Vyetu vilipangwa juu ya jiwe,
vimepinda kama ndoana.
Mifupa ilikuwa mfukoni, mfuko umening'inizwa juu,
mbweha wasiufikie.

Na pale palipokuwa hema la kijani
palibaki nyasi zilizolala, urefu wa mtu mmoja,
zimeanza kuinuka.
Kando yake mawe manne.
Niligusa moja: juu kavu, chini tope jipya.
Nikaelewa lililoshikilia hema lake usiku ule.
Yote ameyarudisha kwenye mashimo yake,
kila jiwe uso wake juu.

"Mwalimu Tupokigwe?" askari Sanga akatuuliza getini.
"Kaondoka saa kumi na mbili, kaloa chapachapa.
Kila mwaka anahesabu bonde lile lile.
Mwaka huu kipande kimoja hakukihesabu,
anasema kimekanyagwa."

Asegelile akaangalia viatu vyake.

"Kuhusu sisi hakusema kitu?"
"Alisema mna usingizi mzuri."

Tulishuka hadi Isyonje bila muziki.
Gwamaka alijaribu kusema jambo, akakohoa, akaacha.

Vigingi nilivituma Tukuyu kwa basi, jina moja tu juu ya bahasha.
Baada ya wiki mbili vikarudi, na deni la mzigo.
Nikaviweka kwenye droo ya vijiko.
Mke wangu kila akitafuta mwiko
anauliza hivi vyuma ni vya nini.

Julai hii tulikuwa Mufindi, kando ya bwawa.
Wanafunzi watano walifika usiku, wanapiga kelele,
wakasimika hema lao karibu mno na langu,
mlango umetazama upepo.
Niliwaambia. Wakasema ahsante, mzee.

Mzee! Nina miaka thelathini na sita.

Saa tisa turubai lao likaanza kupiga makofi.
Nililala nikisikiliza, nikiwalaani kwa Kinyakyusa,
kisha nikavaa viatu.
Tochi nikaielekeza chini.

Vilikuwa vinne.
Vimebaki viwili.