Safu ya Leseni

Mimi ni mtunza hesabu wa kiwanda cha mablanketi,
Covilhã, mlimani, kwenye baridi isiyo na adabu.
Naikumbuka Jumatatu ile ya Januari:
mitambo kumi na minne ya kufuma ilisimama
uzi ukiwa bado mdomoni.
Haikuvunjika. Haikukosa umeme.
Skrini iliandika tu: Leseni imekwisha.

Bi Felismina akapiga simu.
Akachezewa muziki dakika arobaini,
kisha sauti laini ikamtajia bei mpya,
maradufu ya ile ya zamani,
kama mtu anayekuuzia ufunguo
wa nyumba uliyoijenga mwenyewe.
Alilipa. Afanyeje?
Hoteli ya Oslo ilikuwa ikingoja mablanketi mia sita.
Ila alipokata simu alitamka neno
ambalo siwezi kuliingiza katika daftari la kodi.

Nguo ya kuazima haisitiri matako;
na sisi, wafumaji wana wa wafumaji,
tulikuwa uchi miaka kumi na mmoja.

Ndipo Iria, binti wa dada yake, akaja na programu huria.
"Msimbo wake uko wazi," alisema.
"Unasomeka. Unarekebishika. Hauna bwana wa kukuzimia."
"Bei?" niliuliza, kalamu mkononi.
"Bure."

Wanaosema bure hawajawahi kutunza hesabu.
Tulimlipa Iria mshahara. Tulinunua kompyuta mbili.
Tulipoteza Machi nzima: nyota za pambo zilitoka zimepinda,
na Baltasar, fundi wa mitambo, alizunguka akinung'unika
kwamba kondoo wana akili kutushinda.
Mwaka wa kwanza ulikuwa hasara.
Niliuandika kwa wino mwekundu, nikaupigia mstari.

Mwaka wa tatu wino ukabadilika rangi,
kimya kimya.

Zile nyota alizinyoosha mtu wa Tampere, mfuma mazulia,
ambaye hatujamwona hata kivuli.
Nasi tukatoa chetu. Baltasar alijua
kuwa Novemba sufu hunywa ukungu na uzi hulegea;
yeye akasema kwa mdomo, Iria akaandika kwa vidole,
tukakiachia kiende kinakokwenda.

Kampuni ya leseni ilinunuliwa na nyingine,
nayo ikamezwa na ya tatu.
Siku hizi namba ile haina hata muziki.

Iria naye akaondoka, Porto, kwenye mshahara mnono.
Nikasema, basi, tumekwisha.
Lakini Delfim, kijana mgeni, siku yake ya kwanza
alifungua msimbo akakuta maneno ya Iria:
Usiguse hapa kabla ya kumuuliza Baltasar.
Akatoka, akaenda kumuuliza.

Safu ya leseni ingali katika daftari langu.
Sikuifuta. Huwa naipitishia kidole kila Desemba:
sifuri, sifuri, sifuri,
na kando yake paa jipya,
na wasokotaji wawili ambao hatukuwafukuza.

Juzi ulifika ujumbe kutoka Huancayo, Peru,
kiwanda cha sufu ya alpaka:
Huyu Baltasar aliyetajwa msimboni ni nani?
Ukungu wetu ni kama wenu. Ametuokoa.

Nilimpelekea nyumbani; amestaafu, macho yamefifia.
Akanisikiliza nikisoma, kijiko hewani.
"Wanatulipa?"
"Hawatulipi."
"Na sisi, yule wa Tampere tunamlipa?"
"Hatumlipi."
Akatikisa kichwa, akarudi kwenye supu yake.