Ghorofa: Hakuna

Nilikwenda na bahasha ya kaki,
ndani yake risiti za luku
zimekunjana kama mikono ya mtu anayesikia baridi.
Tikiti yangu arobaini na moja.
Walikuwa wakiita kumi na tisa.

Nyumba yetu ipo Kati, ukivuka reli kutoka Ngamiani.
Usoni iliandikwa 1931 kwa saruji,
tarakimu ya tatu ikadondoka,
watoto wa mtaa huisoma wanavyotaka.
Watu wa mambo ya kale walisema: usibomoe.
Watu wa jiji walisema: karabati, la sivyo bomoa.
Masika haikusema kitu.
Ilikuja usiku ikachukua juu.

Tangu hapo nikinunua umeme
uniti zinaingia zimenyofolewa,
nalipia sakafu ya mbao iliyokwisha kuwa kuni,
nalipia roshani iliyolala uani
chini ya mpapai, kuku wanatagia humo.

Dirisha la sita alikaa Nakijwa Senkondo,
kalamu sikioni,
sauti ya mtu aliyemeza vumbi la majalada.
Nilikuja nimejiandaa kugomba,
maneno nimeyapanga tangu nyumbani,
mengine makali.
Akaniuliza tu, "Mama, mita ngapi?"

Tano. Ya fundi saa,
ya vipuri vya baiskeli, ya saluni,
ya muuza maziwa, na yangu.

"Basi nyumba moja inalipa mara tano,"
akasema, akainamia karatasi
kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.
Hakuniambia njoo kesho.
Kesho alikuja yeye.

Alikuja na futi ya utepe na viatu vya kawaida.
Ngazi zetu ni za mvule, kumi na saba.
Nikamwambia, ya kumi na mbili inalia, ikanyage pembeni.
Akaikanyaga pembeni.
Juu akakuta mlango, umesimama na fremu yake,
na ng'ambo ya mlango
mawingu.

"Palikuwa na nini?"
Nikamwonyesha kwa kidole, hewani:
pale kitanda cha besera, mama alizaliwa pale;
pale redio ya bibi Mwanamkuu, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa;
na pale, hapana, kushoto kidogo,
dirisha la babu Shekue,
akihesabu marobota ya mkonge yanayopakiwa bandarini,
yote ya watu wengine,
na hesabu yake haikukosea hata mara moja.

Nakijwa alisikiliza mpaka mwisho.
Kisha fomu. Palikuwa na neno GHOROFA,
na mbele yake nukta nukta.
Akasita. Akanitazama
kana kwamba ningeweza kumzuia.
Akaandika: Hakuna.

Nilipata nilichokiomba.
Mita nne zimeondolewa kodi, malimbikizo yamefutwa,
barua ina muhuri wa bluu.
Nilimpa chupa ya maziwa akakataa, "Mimi mtumishi,"
akakubali maji, akanywa amesimama,
akashuka, ya kumi na mbili akaikumbuka mwenyewe.

Usiku nikaingiza tarakimu ishirini za luku.
Uniti zimetimia, hazijadokolewa.
Taa ikawaka.
Ndipo nikasikia, huko juu,
kitanda kikisogezwa taratibu,
na mtu akitafuta stesheni kwenye redio.

Sijaenda kuripoti.