Ufa Usio na Maji

Kazi yangu ni kutafuta nyufa.
Chamwino, Mvumi, hadi Chipanga
nabeba nyaya, nyundo na betri ya gari,
nachoma vyuma ardhini, napitisha umeme,
nasubiri mwamba useme umepasuka wapi.
Penye ufa ndipo penye maji.
Nimeona wanawake wakiupigia ufa vigelegele.

Leo nimesimama mimi, kidevu juu ya kibao,
nimeuma kijiti cha plastiki,
na Sechelela wa chumba cha picha ananionya:
"Mzee Chilewa, usimeze mate. Tulia kama jiwe."
Kama jiwe! Angejua.
Mashine inanizunguka kichwa polepole
kama mnunuzi anavyomzunguka fahali mnadani Msalato,
ila huyu hafunui midomo kuhesabu umri,
anapita moja kwa moja hadi mfupani.

Jino lenyewe ni gego la chini, kushoto.
Lilikutana na kijiwe ndani ya ugali wa uwele
msibani kwa shangazi Mchiwa, miaka kumi iliyopita.
Wakalitoa uhai, wakalisimika chuma katikati,
wakalivika kofia. Likakaa kimya.
Mwaka huu limeanza kusema,
si ninapouma,
ninapoachia.

Picha ya kwanza, ile bapa, haikuona kitu:
mbele na nyuma vimelaliana kwenye kivuli kimoja.
Hii ya leo inalikata jino vipande
vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
na Daktari Nyemo anavifunua kwa kidole,
kimoja, kimoja, anarudi nyuma, anakunja uso.
"Uone mstari huu mweusi.
Waweza kuwa ufa.
Waweza kuwa uongo wa chuma:
chuma hutupa michirizi pembeni, kikachafua picha."

Nikanyamaza. Nikaikumbuka Mlowa.
Niliuona mstari kama huo kwenye karatasi yangu,
nikasema chimbeni, wakachimba mita tisini,
vumbi, vumbi, vumbi jeupe la mwamba mzima.
Kumbe chini kulilala waya wa ua wa zamani wa ng'ombe.
Hakuna aliyenitukana.
Walikunja mifuko ya michango, wakaenda kuchota mbali.

"Basi tuuache mstari," daktari akasema,
"tazama mfupa."
Kando ya mzizi, upande mmoja tu,
mfupa umeliwa, kijifereji chembamba
kimeshuka wima hadi karibu na ncha.
"Ufa wenyewe siwezi kuuapia. Njia yake naiona."

Hapo tukaelewana.
Mimi nami sijawahi kuyaona maji yakiwa chini.
Naona mikuyu imejipanga mstari nyikani,
kijani mwezi wa kumi,
navua kofia.

Tangu utoto naambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nikamuuliza, huu unazibwaje?
Akatikisa kichwa. Mzizi uliopasuka wima
hauzibwi, wala haujengewi.
Ganzi. Koleo. Mlio mkavu
niliousikia kwa fuvu, si kwa sikio.

Akalipaka rangi ya buluu, akalisogeza kwenye taa,
na ule ufa ukajitokeza, mwembamba kama unywele,
toka shingoni hadi ncha, mnyofu, safi.
Ningeupata ardhini
ningeita kijiji kizima.

Limo mfukoni, ndani ya pamba, pamoja na daftari la vipimo.
Kesho nipo Chipanga na nyaya zangu.
Na ulimi, nimeukataza, hausikii,
unashuka pale pasipo kitu, unapanda,
unashuka tena,
kama ndoo ya mtu wa Mlowa
ambaye hakuambiwa.